Kiswahili cha Baba Mkwe

Barua ya kwanza aliyoandika Tulinagwe ilikuwa ya uongo. Ya pili ilikuwa uongo uleule, ila umepigwa pasi. Chuo cha Uholanzi kilikuwa kimeuliza jambo moja tu, lijibiwe kwa kurasa zisizozidi mbili: kwa nini unataka kusomea shahada ya uzamili katika sayansi ya ubongo? Naye, binti wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa baiolojia, anayewatuliza vijana sitini wa kidato cha tatu kule Ndandalo bila hata kuinua sauti, akaandika kwamba tangu utotoni alivutiwa na maajabu ya ubongo wa binadamu. Utoto gani huo? Utotoni alivutiwa na miwa na kuruka kamba, kama watoto wenzake wote.

Aliyemwambia ukweli ni Mudathiri, mwenye duka la steshenari Kyela mjini. Baba yake Mudathiri alitoka Kilwa enzi hizo kuja kufanya kazi bandari ya Itungi, akaoa hapahapa, akazikwa hapahapa. Mudathiri mwenyewe ana tabia moja: kila anachokichapa anakisoma, utake usitake, na akishakisoma hakai kimya.

"Mwalimu," alisema huku karatasi bado ya moto mkononi, "barua kama hii nimeshachapa mia. Toa neno ubongo, weka neno samaki, utakuwa unaomba kazi ya uvuvi."

"Mzee Mudathiri, kuna mtu kakuomba ushauri?"

"Hakuna. Ushauri ni wa bure, unalipia karatasi tu." Akavua miwani. "Hivi wewe si mjukuu wa Mzee Hezroni? Yule aliyepigwa na kiharusi, akaamka anaongea Kiswahili kitupu, Kinyakyusa chote kimeyeyuka? Marehemu baba alikuwa anakwenda kukaa naye kila Ijumaa baada ya swala, wanakumbushana mambo ya Itungi. Sasa mtu mwenye babu wa namna hiyo anahangaika na maajabu ya nini tena?"

Tulinagwe alichukua karatasi zake, akaaga, akatoka. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na hasira yenyewe haikuwa ya Mudathiri. Alikuwa anajua siku zote kwamba sababu ni hiyo. Alichokuwa anakikwepa ni kwamba huwezi kumwandika babu bila kumwandika mama yake.

Mama yake anaitwa Anyisile, ingawa kijiji kizima kinamwita Mama Tuli. Na ili mambo yaeleweke, lazima kwanza yasemwe ya mkwe na mkamwana. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwanao hakutani na wewe. Hakutazami usoni, hali mbele yako, hakutaji jina, na mkikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini mpaka upite. Wanaita kutila. Siku hizi wengi wamelegeza. Utawakuta mkwe na mkamwana wamebanana kwenye bajaji moja wanakwenda sokoni, na hakuna aliyekufa. Lakini Mzee Hezroni hakuwa mtu wa kulegeza. Akitaka kupita uani kwa mwanawe, alikohoa mara mbili tokea kwenye migomba, na Mama Tuli akavuta khanga kichwani, akala kona nyuma ya jiko. Miaka kumi na moja waliishi hivyo. Mama Tuli aliufahamu mgongo wa baba mkwe wake, aliifahamu miguu yake na viatu vyake vya matairi, basi. Na asije mtu akadhani walichukiana. Mzee akipata samaki kutoka ziwani, aliacha fungu zuri mlangoni kwa mkamwana wake, na mkamwana alimpikia na kumpelekea chakula kwa mkono wa mtoto. Ilikuwa heshima, tena ya pande zote mbili.

Siku yenyewe Tulinagwe alikuwa na miaka tisa. Baba yake, Ezra, alikuwa Chunya kwenye machimbo. Mama yake alikuwa peke yake uani, anageuza kokoa kwenye mikeka, na mzee akaja bila kukohoa. Mama aliona viatu tu. Akaduwaa, akajua mzee amesahau, uzee huo, akafanya kile alichofanya miaka kumi na moja: akainamisha kichwa, akajifunika, akakimbilia migombani. Kwa kuwa hakutazama uso, hakuona kama mdomo umepinda. Alisikia mzee anatoa sauti, maneno hayashikiki, akadhani anafukuza mbuzi kwenye kokoa. Akakaa chini, akasubiri amalize shida yake aondoke. Alisubiri tangu saa nne asubuhi.

Saa tisa Tulinagwe alirudi kutoka shule akamkuta babu yake amelala kiubavu juu ya mkeka, punje za kokoa zimemganda shavuni, jicho moja linatazama na jingine halitazami kitu. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mama yake akatokea migombani, na hata hapo, Mungu amsamehe, alikuja kinyumenyume. Alikuja amewapa mgongo, anauliza, "Tuli, kuna nini? Mzee bado yupo?"

"Mama, geuka! Mdomo wake umepinda!"

Akageuka. Ndiyo siku ya kwanza kumwona baba mkwe wake uso kwa uso. Akamnyanyua, akamweka kichwa mapajani, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja na baiskeli na machela. Hospitalini muuguzi aliuliza jina la mgonjwa, na Mama Tuli akabaki amefumba mdomo kama mtu aliyeng'atwa ulimi, kwa sababu jina lile halijawahi kupita kinywani mwake. Ni Tulinagwe aliyelitaja.

Wiki ya tatu mzee akasema, "Naomba maji." Kila mtu alifurahi, mpaka walipogundua kwamba hana kingine. Kiswahili tu. Mwanawe mkubwa, Lazaro, alimwamkia kwa Kinyakyusa, lugha aliyozaliwa nayo na kuongea miaka sabini, na mzee akamtazama kama mtu anayesemeshwa Kichina. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha Itungi, alikokuwa karani wa mizigo ujanani, cha watu wa pwani, kina "tafadhali" na "ahsante sana bwana." Kijijini walisema amepandwa na jini la Kiswahili. Lazaro, ambaye ni mzee wa kanisa na majini hayataki, alisema ni maradhi yanayoongea, siyo baba.

Jambo lililowashinda kabisa ni hili: kwa Kiswahili, mzee hakuwa na kutila. "Mama Tuli, njoo ukae hapa," alisema, mbele za watu. Alimwita, akamtazama, akamsimulia habari za meli na mabaharia waliokuwa wanaficha ndizi kwenye magunia. Mwanzoni Mama Tuli alikuwa anajibu akiwa nje ya mlango, jasho linamtoka. Baadaye akaingia, akakaa. Yeye ndiye aliyemlisha na kumgeuza kitandani miaka miwili, kwa sababu wengine waliona tabu kuongea na baba yao kwa lugha ya dukani.

Huku nyuma maneno hayakulala. Watu walisema Mama Tuli alimwona mzee anaanguka akamwacha. Lazaro hakusema, lakini hakukanusha, na kwenye ukoo mkubwa kutokanusha kwa mtoto wa kwanza ni hukumu. Mama Tuli alikonda. Kisha asubuhi moja, Tulinagwe yupo, ameshika kikombe, mzee akameza uji wake, akamfuata mkamwana wake kwa macho, akasema taratibu, "Mwanangu, siku ile hukuniona. Najua hukuniona."

Mama Tuli aliweka bakuli chini, akalia, na machozi hayo hayakuwa ya huzuni. Tangu siku ile ameishi kwa maneno hayo. Mzee alipofariki, na minong'ono ikaanza tena msibani, aliwajibu wote kwa sentensi moja: "Mwenyewe aliniambia." Mpaka leo ukimchokoza atakujibu hivyohivyo.

Sasa ona ubaya wa elimu. Mwaka wa pili chuoni, Dar es Salaam, Tulinagwe alifungua kitabu maktabani akakuta babu yake. Siyo kwa jina, la hasha, lakini ni yeye: watu wenye lugha mbili ambao kiharusi kinawapora moja na kuwaachia nyingine, na wakati mwingine wanaachiwa ile waliyojifunza ukubwani. Kumbe hakuna jini. Akasoma kwa pupa mpaka akafika mahali panaposema kwamba mgonjwa wa namna hiyo huweza kubadilika tabia, huweza kusema maneno mazuri yasiyo na mwenyewe, kama mtu anayeitikia salamu usingizini. Akafunga kitabu. Swali lilikuwa limeshaingia na halikutoka tena: babu aliposema "hukuniona," nani alikuwa anasema? Ni Mzee Hezroni amesamehe, au ni kidonda kichwani kimefuta adabu na chuki kwa pamoja? Ndilo lililomfanya atake kwenda Uholanzi. Na ndilo ambalo, likipata jibu baya, lingemnyang'anya mama yake kitu pekee alichonacho.

Jioni ile aliyotoka kwa Mudathiri aliandika barua ya tatu kwa mkao mmoja, yote, kuanzia viatu vya matairi mpaka uji. Akaituma kesho yake. Hakumwambia mama yake. Na hapo, tuseme wazi, alikosea.

Wiki sita baadaye wakamjibu kwamba wanataka kuzungumza naye kwa video, Alhamisi saa nane mchana. Ndipo akapiga moyo konde, akaenda jikoni, akamkuta mama yake anamenya ndizi.

"Ndaga, mama."

"Ndaga. Mbona umesimama kama mgeni? Kaa umenye."

Akakaa, akamenya ndizi mbili, akasema yote. Mama Tuli alisikiliza bila kuacha kazi. Binti yake alipofika kwenye migomba, kisu kikasimama.

"Umeniandika mimi?"

"Nimemwandika babu."

"Babu bila mimi yuko wapi? Umeandika kwamba nilikimbia?"

"Nimeandika."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

"Afadhali, Lazaro hatasoma." Halafu hata huo utani ukamtoka usoni. "Tuli, watu wamenisema miaka yote hii na mimi nimenyamaza, na wewe umekwenda kunisema kwa Wazungu. Haya. Na hilo swali lako, ukikuta ni ugonjwa tu ulikuwa unaongea, mimi utaniachia nini?"

Tulinagwe aliweka ndizi chini.

"Ukisema nisiende, siendi," alisema, na alikuwa anamaanisha. "Nitawaandikia kwamba nimeghairi."

Mama yake hakusema nenda, hakusema usiende. Alisema, "Menya ndizi." Na siku tatu hawakuzungumza zaidi ya salamu na chumvi iko wapi. Tulinagwe aliandika barua ya kughairi, akaihifadhi kwenye simu, akasubiri neno moja tu ili aitume.

Alhamisi asubuhi alitoka chumbani akamkuta mama yake amevaa kitenge cha kanisani, mkoba begani, mwavuli mkononi.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwani mazungumzo ni ya nani?"

Mjini walifika mvua imeshaanza, ile mvua ya Kyela ya mwezi wa tatu isiyojua kupumzika. Bati la duka la Mudathiri lilikuwa linapiga kelele kiasi kwamba huwezi kusikia hata mawazo yako. Mudathiri akawapeleka stoo ya nyuma, katikati ya maboksi ya karatasi, ambako dari ilipunguza makelele kidogo. Akaunganisha intaneti, akampa Mama Tuli boksi la kukalia, akatoka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafunga mlango bila kusikiliza. Au tuseme hatukumwona akisikiliza.

Kwenye kioo cha kompyuta walitokea wawili: mama mmoja mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na kijana mwenye ndevu anayeandika kila kitu. Walimuuliza matokeo yake, maabara alizofanyia kazi, takwimu anazozijua. Alijibu vizuri, pengine haraka mno. Mama Tuli alikaa nyuma ya kompyuta, asionekane, mikono mapajani, anamtazama binti yake anavyopindisha mdomo kutamka Kiingereza. Neno moja alilishika, kwa sababu yule mama Mzungu alilitamka kama lilivyoandikwa kwenye barua. Babu.

Swali la mwisho lilikuwa la yule mama. Tulinagwe alimwomba alirudie, akalirudia. Tulinagwe akajibu kwa sentensi mbili tatu, wakamshukuru, wakasema watamwandikia ndani ya mwezi mmoja, kioo kikawa cheusi.

"Wamekuuliza nini mwishoni?" Mama Tuli alisema.

"Basi tu, mambo ya masomo."

"Tuli."

"Wameuliza, ili niamini kwamba babu alimaanisha yale maneno aliyokuambia, ningehitaji ushahidi gani."

"Ukawajibu?"

"Nimesema sijui. Nimesema tunachojua ni kwamba mpaka anakufa hakubadilika, alikuwa na wewe vilevile, na kwamba hilo ni jambo dogo lakini ni jambo."

Mama Tuli aliinamisha kichwa. Aliukunja mwavuli, akaukunjua, akaukunja tena.

"Umewadanganya," alisema. "Siyo kosa lako. Mimi ndiye niliyekudanganya wewe." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayesema bei ya mpunga. "Siku mbili za mwisho, wote mlikuwa Mwaya mnavuna mpunga. Nilibaki mimi na yeye. Asubuhi nikasikia anasali, nikasimama mlangoni, siamini. Anasali kwa Kinyakyusa. Tena kizuri, chote, kimerudi. Nikafurahi mwanangu, nikakimbia kuleta uji, nikaingia, nikamwambia, baba, amka unywe. Akaniona. Akavuta blanketi usoni, akageukia ukutani."

Tulinagwe alisogeza kompyuta pembeni ili amwone vizuri.

"Hakusema neno. Nikaweka uji chini, nikatoka. Mchana hivyohivyo. Kesho yake hivyohivyo. Nilikuwa naacha chakula mlangoni kama zamani, anajivuta mwenyewe kukifuata, na mimi nimesimama nje namsikia anavyohangaika na siwezi kuingia. Mliporudi alikuwa hawezi kusema tena lugha yoyote." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge, harakaharaka, kama anafuta vumbi. "Miaka kumi na tano, Tuli. Kila nikisema mwenyewe aliniambia, ule ukuta nauona. Sijui alinigeukia kwa hasira, amekumbuka, au alikuwa ananirudishia heshima yangu ya ukamwana kabla hajaondoka. Aliyeniita mwanangu na aliyegeukia ukutani, yupi ndiye baba mkwe wangu?"

"Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia, na wewe ungenigeukia."

Tulinagwe alitoka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake akalia, kwa uchungu wa mambo yote mawili: kwamba mama yake alibeba hilo peke yake, na kwamba yeye alikuwa karibu kwenda Ulaya kutafuta jibu lenye nusu iliyofichwa jikoni kwao. Mama Tuli alimwacha alie. Kisha akamgonga bega.

"Inuka, utachafua gauni."

"Mama, naweza kusoma mpaka nizeeke na nisijue."

"Usipojua utaniambia hujui. Ukijua, utaniambia, hata likiwa baya. Usije ukanipa la kunifurahisha, nimechoka kufurahishwa." Akanyoosha kidole kwenye kompyuta. "Bado wanaweza kukusoma hao?"

"Wanaweza, kwa barua pepe. Lakini ikifika itaonekana kama nilikuwa sijui ninachosema. Naweza kukosa nafasi."

"Unaweza."

Tulinagwe alikaa tena. Aliandika kwa dakika kumi, na alitafsiri kila sentensi kwa sauti ili mama yake aisikie: kwamba jibu alilotoa leo halikuwa kamili, kwamba kuna siku mbili ambazo yeye hakuwepo, na kwamba habari zake amezipata sasa hivi kwa shahidi pekee aliyezishuhudia. Mama Tuli alisahihisha sehemu moja: uji ulikuwa wa ulezi, siyo wa mahindi. Binti yake akarekebisha.

"Shahidi nimtaje jina?" aliuliza. "Au niandike jirani?"

"Jirani gani aliyekuwepo?" Mama Tuli alivuta boksi lake mpaka likagusana na kiti, akakitazama kioo chenye maneno asiyoweza kuyasoma. "Andika Anyisile. Andika mkamwana wake."